Kutunga maswali ya shindano la hisabati shuleni: mwongozo wa mwalimu anayeanza

Muhula ukikaribia kwisha, walimu wa klabu za hisabati hapa Tanga huuliza yale yale: maswali nayatoa wapi, niweke mangapi, nisahihisheje, na kwa nini mtoto anayeongoza mtihani wa kila mwezi anakwama kwenye swali la mashua? Mwongozo huu ni wa mwalimu anayetaka kuandaa shindano la shule yake, au la shule mbili tatu za jirani, kwa darasa la tano hadi la saba au kidato cha kwanza na cha pili. Shindano tunalolizungumzia linapima kufikiri na kutumia hesabu kwenye mambo ya kweli. Aliyekariri MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) na jedwali la kuzidisha ameanza vizuri, lakini hapa havitamfikisha mbali.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: swali halijaiva mpaka uweze kuandika, kabla ya kulichapa, watoto watakosea wapi na kila kosa litazaa jibu gani. Karibu kila hatua hapa chini inatokana na hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Wiki nne. Mbili za kutunga, moja ya kujaribu na kurekebisha, moja ya kuchapa na kupanga ukumbi. Ukiwa na wiki moja tu, usitunge; chukua maswali ya zamani uliyonayo, badilisha namba, na bado ufuate hatua ya 4 hadi ya 6.
- Daftari dogo la kuandikia mambo unayoyaona njiani, sokoni na stendi.
- Mwalimu mwenzako mmoja ambaye hajayaona maswali wala hutamsimulia.
- Wanafunzi watatu wa kujaribia ambao hawatashindana. Waliomaliza darasa la saba mwaka jana wanafaa sana kwa karatasi ya darasa la saba.
- Karatasi. Kwa washiriki 60: karatasi mbili za maswali kila mmoja zilizochapwa pande zote (120), mbili tupu za kukokotolea (120), na 20 za akiba. Jumla 260, yaani zaidi kidogo ya nusu rimu.
- Penseli, rula, na saa ya ukutani inayoonekana na wote. Kikokotoo hakihitajiki. Ukiona swali lako linakihitaji, namba zako ndizo mbaya.

Hatua

1. Amua unampima nani. Usichanganye darasa la tano na la saba kwenye karatasi moja ukitegemea kwamba wakubwa watashinda kwa haki. Tunga karatasi mbili zinazogawana maswali machache ya katikati. Kwa kidato cha kwanza na cha pili, chapa swali kwa Kiswahili na Kiingereza sambamba. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili miezi michache iliyopita, ukimpa aya ndefu ya Kiingereza, utakuwa unapima Kiingereza chake.

2. Kusanya mambo ya kweli kwanza, hesabu baadaye. Walimu wengi huanza na mada, tuseme "nataka swali la asilimia", kisha wanatafuta hadithi ya kuivalisha. Ndiyo maana tunapata maswali ya Juma aliyenunua matikiti 83 bila sababu. Anza upande wa pili. Nenda sokoni Mgandini uandike machungwa yanavyouzwa kwa mafungu. Pita Ngamiani uangalie barabara zilivyopewa namba. Muulize mvuvi maji yatajaa saa ngapi kesho na amejuaje. Andika namba halisi pamoja na vipimo vyake, kwa maana baadaye utahitaji kujua kama bei uliyoweka inaingia akilini. Mtoto wa hapa anajua fungu la machungwa ni shilingi ngapi, na bei ya ajabu itamtoa kwenye swali.

Mambo kumi ya namna hiyo yatakupa maswali matano mazuri. Mengine hayataiva, na hakuna ubaya.

3. Geuza jambo liwe swali. Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, kwa hiyo tuchukue mfano mmoja tuumalize. Mto Pangani unautenganisha mji wa Pangani na Bweni, na watu wanavuka kila siku. Swali lililoiva linasomeka hivi:

*Wanafunzi 47 na walimu wao 2 wako Pangani mjini na wanataka kuvuka mto kwenda Bweni. Mashua iliyopo ni moja, nayo inachukua abiria 12, bila kumhesabu nahodha. Safari moja, iwe ya kwenda au ya kurudi, inachukua dakika 10 pamoja na kupanda na kushuka. Mashua inaondoka mara ya kwanza saa 2:00 asubuhi. (a) Wote watakuwa wamefika Bweni saa ngapi? (b) Mwalimu mkuu hataki wanafunzi wabaki upande wowote wa mto bila mwalimu, hata kwa dakika moja. Je, inawezekana bila kuongeza safari? Eleza.*

Abiria ni 49. Ukigawa kwa 12 unapata 4 na baki 1, na huyo mmoja hawezi kuachwa, kwa hiyo safari za kwenda ni 5. Kati ya hizo mashua inarudi mara 4. Jumla ni safari 9, dakika 90, na jibu la (a) ni saa 3:30. Kwa (b) jibu ni ndiyo: mwalimu wa kwanza anavuka na wanafunzi 11 katika safari ya kwanza na kubaki Bweni, safari tatu zinazofuata zinachukua wanafunzi 12 kila moja, na safari ya tano inamchukua mwalimu wa pili peke yake.

Angalia kinachofanya swali hili lifae. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: kugawa, kujumlisha, kuzidisha kwa 10. Ugumu uko kwenye kuamua. Baki tufanye nini? Walimu ni abiria? Mashua inarudije? Safari ya mwisho inahesabiwa kurudi? Kila uamuzi unatokana na maneno yaliyoandikwa, hakuna kilichofichwa. Huo ndio mtego wa haki. Mtego usio wa haki ni kutosema lolote kuhusu nahodha, kisha ukamkata alama aliyemhesabu.

4. Andika majibu ya makosa. Chini ya swali, kwenye daftari lako, orodhesha:

- Saa 2:50: amepata safari 5 lakini amesahau mashua lazima irudi.
- Saa 3:40: ameirudisha mashua hata baada ya safari ya mwisho.
- Saa 2:40: amesahau walimu na amesahau kurudi.
- Saa 3:10: hapa pana shida. Aliyesahau walimu (47 kwa 12, safari 4 za kwenda na 3 za kurudi, dakika 70) anapata saa 3:10. Aliyewakumbuka walimu akaitupa baki ya 1 naye anapata saa 3:10.

Makosa mawili tofauti yamekutana kwenye jibu moja. Ukiwa umeweka swali la kuchagua herufi, hutajua mtoto yupi alifanya lipi. Ndiyo maana maswali ya aina hii yanahitaji nafasi ya kuonyesha njia, na ndiyo maana hatupendekezi karatasi nzima ya kusiliba herufi ya jibu, ingawa ni rahisi kusahihisha.

Kama orodha yako ya makosa ina kitu kimoja tu, "amekosea kuzidisha", basi hilo ni zoezi la darasani. Lirudishe darasani.

5. Pima namba mpaka zikubali. Namba za kweli ulizookota sokoni mara nyingi hazigawanyiki vizuri. Tuseme umeanza hivi: mfanyabiashara amenunua machungwa 650 Muheza, asilimia 15 yakaharibika njiani, yaliyobaki anauza matatu kwa shilingi 500. Asilimia 15 ya 650 ni machungwa 97 na nusu. Nusu chungwa haliharibiki peke yake. Ukipunguza yawe 640, yanaharibika 96, sawa, lakini yanabaki 544 na hayo hayagawanyiki kwa 3. Ukiweka 600, yanaharibika 90, yanabaki 510, mafungu 170, mauzo shilingi 85,000.

Sasa gharama. Mtego mzuri wa swali la faida ni mtoto kutafuta asilimia ya faida kwa kugawa kwa mauzo badala ya gharama, kwa hiyo chagua gharama ambayo njia zote mbili zinatoa namba safi. Ukiweka ununuzi shilingi 54,000 na usafiri 14,000, gharama ni 68,000, faida 17,000, nayo ni asilimia 25 ya gharama. Aliyegawa kwa mauzo anapata asilimia 20, safi vilevile, haimshtui. Aliyesahau usafiri anapata faida ya 31,000. Aliyesahau machungwa yaliyooza anapata 32,000. Kila kosa na jibu lake, hakuna yanayogongana.

Jibu lenye desimali ndefu linamwambia mtoto "umekosea, rudia", hata kama hajakosea. Liepuke isipokuwa swali lenyewe ni la kukadiria.

6. Hakikisha jibu ni moja. Maswali ya mantiki ndiyo yanayoongoza kwa ugonjwa huu. Tazama hili:

*Mmoja kati ya Mwanaidi, Saumu na Zaina amekula kitumbua cha mwisho. Mwanaidi: "Saumu ndiye." Saumu: "Zaina ndiye." Zaina: "Saumu anasema uongo." Mmoja tu kati yao amesema kweli. Nani amekula?*

Linavutia, lakini ni bovu. Jaribu kila mmoja kwa zamu. Kama ni Mwanaidi, Zaina peke yake kasema kweli, inakubali. Kama ni Saumu, Mwanaidi na Zaina wote wamesema kweli, haikubali. Kama ni Zaina, Saumu peke yake kasema kweli; inakubali pia. Majibu mawili. Badilisha sentensi ya mwisho iwe "Mmoja tu kati yao amesema uongo" na jibu linabaki moja: Saumu.

Kanuni ya kazi: kwa kila swali la mantiki, jaribu uwezekano wote, si ule uliokuwa nao kichwani wakati wa kutunga. Uwezekano ukiwa mwingi mno kuujaribu kwa mkono, punguza swali.

7. Safisha lugha. Sentensi fupi, namba moja au mbili kwa sentensi, swali lenyewe mwishoni. Kisha pitia sehemu zinazochanganya:

- "Asha ana maembe mara tatu zaidi ya Juma": wengine wataelewa mara tatu, wengine mara nne. Andika "maembe ya Asha ni mara tatu ya maembe ya Juma".
- "Kati ya 1 na 20": andika "kuanzia 1 hadi 20, zenyewe zikiwemo", au kinyume chake.
- Saa. Andika kipindi cha siku kila mara: saa 7:30 mchana, saa 1:00 usiku. Ukitumia tiketi ya basi iliyoandikwa 13:30, sema wazi kwamba hiyo ni saa ya tiketi na umwombe mtoto aibadilishe. Hilo ni swali zuri la darasa la tano kwa haki yake.
- Vitu vinavyobadilika kwa asili. Maji ya bahari hujaa kwa wastani kila baada ya saa 12 na dakika 25, lakini si sawasawa kila siku. Kwa hiyo swali lianze hivi: "Chukua kwamba maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25. Leo yamejaa saa 4:10 asubuhi. Baada ya siku ngapi maji ya mchana yatajaa kwa mara ya kwanza baada ya saa 6:00 mchana?" Kila siku yanachelewa dakika 50: saa 5:00, saa 5:50, saa 6:40. Siku 3. Bila hayo maneno "chukua kwamba", mtoto wa mvuvi atakubishia, na atakuwa sahihi.

8. Panga karatasi. Mpangilio unaofaa kwa dakika 90:

- Sehemu A: maswali 8 ya jibu fupi, alama 3 kila moja (24).
- Sehemu B: maswali 3 ya kuonyesha njia, alama 5 kila moja (15).
- Sehemu C: maswali 3 ya kueleza, alama 7 kila moja (21).

Jumla alama 60. Ukikadiria dakika 3, 7 na 12 kwa swali, unapata dakika 81, zinabaki 9 za kupitia. Swali la kwanza kabisa lifanyike na karibu kila mtu. Mtoto aliyeanza kwa kushindwa huwa hasomi vizuri la pili.

Sehemu A isiwe mahali pa kutupia hesabu kavu. Weka yanayohitaji wazo moja. Mifano:

*Bonanza la mtoano lina timu 23. Zitachezwa mechi ngapi kumpata bingwa?* Ni 22, kwa sababu kila mechi inaitoa timu moja na timu 22 lazima zitoke. Atakayeanza kuchora ratiba atafika, ila atachelewa.

*Kwenye tenga kuna maembe mengi ya dodo, boribo na sindano. Unachukua bila kuangalia. Uchukue mangapi ili uwe na hakika una matatu ya aina moja?* Ni 7: kwa bahati mbaya kabisa unaweza kuchukua mawili mawili ya kila aina, yakawa 6, na la saba halina pa kukwepea. Kosa la kawaida ni 9, au 3.

*Mtu anatembea moja kwa moja kutoka Barabara ya 4 hadi Barabara ya 16. Chukua kwamba kutoka barabara moja hadi inayofuata ni mita 80. Ametembea mita ngapi?* Ni nafasi 12, mita 960. Wanaohesabu barabara badala ya nafasi watapata 1,040, na wapo wengi kila mwaka, hata wa sekondari.

9. Andika mwongozo wa kusahihisha kabla ya shindano. Alama 7 kwa swali si za kubuni. Ndizo zinazotumika kwenye Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanzia Romania mwaka 1959, ambako mshiriki hupewa maswali 6 kwa siku mbili, saa nne na nusu kila siku. Uzuri wake ni kwamba zinagawanyika kwa hatua. Swali la Pangani ligawe hivi: abiria 49, alama 1; safari 5 za kwenda, 1; safari 4 za kurudi, 1; saa 3:30, 1; mpango wa (b) unaofanya kazi, 2; kuonyesha kwamba kila upande wenye wanafunzi una mwalimu wakati wote, 1.

Mpe alama aliyekosea mwanzo akaendelea sawasawa. Aliyesahau walimu lakini akapanga safari 4 za kwenda na 3 za kurudi amepoteza alama ya kwanza na ya saa. Alama ya kurudi ni yake. Alama ya safari za kwenda apewe kama ameonyesha ameipandisha baki.

Kukata alama kwa jibu baya? Yapo mashindano ya kuchagua yanayokata robo ya alama za swali. Penye machaguo matano, robo hiyo inafanya kubahatisha kusiwe na faida wala hasara: nafasi moja kati ya tano ya kupata alama nzima, nne kati ya tano za kupoteza robo. Hesabu yake ni nzuri, ila kwa watoto wa shule za msingi wasioizoea inawatia woga wa kuandika chochote. Iache.

10. Jaribu karatasi. Mwenzako aifanye yote bila msaada wako, akiwa na saa. Akitumia zaidi ya dakika 30, ni ndefu kwa watoto wa dakika 90. Kisha wape wale wanafunzi watatu. Usikae nao ukieleza. Wakiuliza "mwalimu, nahodha naye anahesabiwa?", usijibu, andika kwamba swali linahitaji sentensi moja zaidi. Kila swali linaloulizwa na wawili kati ya watatu lirekebishwe au litolewe.

11. Chapa na panga siku. Soma nakala ya kwanza ukiwa bado dukani, kabla ya kutoa kopi nyingine 59. Makosa ya uchapaji hupenda namba: 47 inakuwa 74 na hakuna anayeona hadi saa imeanza. Maswali usiyatume kwa simu kwenye kundi la walimu, hata kama wote ni waaminifu.

Jumamosi asubuhi watoto wengi wako madrasa, na Ijumaa mchana haifai. Ulizia kwanza. Muda mzuri ni saa 2:30 asubuhi, kabla joto halijapanda, hasa miezi ya kaskazi ambapo darasa la bati saa 6 mchana halikaliki. Kila dawati mtoto mmoja. Mpe kila mshiriki namba, aiandike badala ya jina na shule.

12. Sahihisheni kwa swali. Mwalimu mmoja asahihishe swali la 12 la watoto wote 60, mwingine la 13. Anayebeba karatasi nzima ya mtoto mmoja huchoka, na watoto wa mwisho huumia. Sehemu C isahihishwe na wawili bila kuonana alama. Wakitofautiana kwa zaidi ya 1, wakae pamoja na mwongozo.

Watoto wakilingana jumla, angalia kwanza alama za Sehemu C, kisha B. Usitumie aliyewahi kurudisha karatasi. Ukifanya hivyo mwaka huu, mwakani wote watakimbia.

Yanayokwama, na la kufanya

*Wote wamepata sifuri Sehemu C.* Kwa kawaida si kwamba ni ngumu; hawakufika. Angalia kama kurasa za mwisho ni tupu. Zikiwa tupu, punguza Sehemu A iwe maswali 6. Zikiwa zimeandikwa lakini hazina alama, swali halina mlango wa kuingilia: ongeza kipengele (a) chepesi kabla ya kile kigumu.

*Nusu ya darasa wana jibu baya lile lile.* Rudi kwenye orodha ya hatua ya 4. Likiwa kwenye orodha, kosa ni lao na somo la wiki ijayo umelipata. Lisipokuwepo, soma swali lako upya kwa macho ya mtoto. Mara nyingi maneno yako yanakubali maana ile ya pili. Ikiwa ni hivyo, majibu yote mawili yapewe alama.

*Swali lina kosa na shindano limeshaanza.* Usizunguke ukirekebisha dawati kwa dawati. Simamisha saa, tangaza mara moja, andika ubaoni, ongeza dakika ulizopoteza. Kama zimeshapita zaidi ya dakika 20, lifute kwa wote na jumla ishuke. Kulisahihisha nusu ya njia kunawaumiza waliolihangaikia mapema.

*Majirani wana majibu yanayofanana neno kwa neno.* Mwakani toa matoleo mawili. Kwa swali la Pangani, toleo la pili liwe na wanafunzi 35 na walimu 2: abiria 37, safari 4 za kwenda na 3 za kurudi, saa 3:10. Mtego umebaki palepale, kwa sababu 35 peke yao wangetosha safari 3. Ukibadilisha namba bila kuangalia, tuseme wanafunzi 40 na walimu 2, mtego wa walimu unakufa: 40 na 42 zote zinahitaji safari 4, na toleo moja linakuwa jepesi kuliko jingine.

*Jibu sahihi, njia hakuna.* Sehemu A, alama zote. Sehemu B, 2 kati ya 5. Sehemu C, alama ya jibu tu. Sheria hiyo iandikwe juu ya karatasi na isomwe kwa sauti kabla ya kuanza, maana wanaoumia nayo ni wale wanaokokotoa kichwani.

*Mtoto ametumia njia usiyoijua.* Usiipime kwa kuilinganisha na yako. Mfuate mstari kwa mstari. Kila mstari ukitokana na ule wa juu yake, apate alama zote. Ukikwama, mwite umwombe aeleze mbele ya walimu wawili, kisha amueni siku hiyo hiyo.

*Mzazi au mwalimu wa shule nyingine anapinga matokeo.* Weka muda wa malalamiko tangu mwanzo, siku mbili baada ya kutangaza, kwa maandishi, yakitaja namba ya swali. Mwonyeshe karatasi ya mtoto wake na mwongozo wa kusahihisha, si karatasi za wengine. Alama ikibadilika kwa sababu mwongozo ulikuwa na kosa, pitia swali hilo kwa washiriki wote kabla ya kutoa vyeti.

*Vyeti vimeshachapwa na nafasi zimebadilika.* Chapa upya cha aliyepanda. Aliyeshuka mwache na chake.